Bendera Juu ya Nyumba ya Makasha

Vijana wangu, kabla hamjaniuliza tena jinsi ya kumchagua fundi wa nyumba, nileteeni kiti chenye egemeo. Jibu langu lina mume, mke, Kalasinga, Mkikuyu na bendera, na mgongo wangu wa siku hizi hauwezi kubeba hayo yote nikiwa nimesimama.

Najua mnataka jibu fupi. Juzi mmoja wenu aliniuliza akiwa juu ya pikipiki, hata hakuizima. Haya, jibu fupi ni hili: mtazame fundi anapofika kwenye kiwanja. Akianza kwa kuangalia maji ya mvua yanapita wapi, mpe chai. Akianza kwa kusifu kazi zake, mpe chai pia, lakini kazi usimpe. Tena mwombe akuonyeshe kidole gumba. Kidole ambacho hakijawahi kugongwa na nyundo ni cha mtu aliyekuwa akisimamia wengine huku mikono iko mfukoni. Cha kwangu hiki, kiangalieni. Ukucha wake umeota vibaya tangu ujana, na mke wangu alikuwa akisema ndicho cheti changu pekee.

Sasa jibu refu.

Mimi ni Zakayo Odero. Nilipanda kuja Kericho kutoka upande wa ziwa wakati chai ilikuwa bado fupi, ukisimama katikati ya shamba unaonekana mpaka magotini. Niliajiriwa kugonga misumari kwenye nyumba za wafanyakazi. Aliyenifundisha kazi ya bati ni Kalasinga mmoja, Fundi Gurbax, mwenye kilemba cheupe ambacho sikuwahi kukiona kimechafuka hata siku ya kupaka lami. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula na hakikuwa na mapambo yoyote.

Siku yangu ya kwanza juu ya paa niliona ni busara kupiga msumari kwenye bonde la bati, pale ambapo bati limelala vizuri juu ya mbao. Nikapiga safu nzima nikiimba. Fundi Gurbax alipanda, akatazama, akashuka. Saa nane mvua ya Kericho ikaja kama kawaida yake, na yeye akanichukua mkono, akanisimamisha ndani, chini ya safu yangu.

"Veve Odero," akasema, "maji iko pita vapi? Juu ya mlima ama kwa bonde?"

"Kwa bonde, fundi."

"Na tundu yako iko vapi?"

Sikuhitaji kujibu, tundu zilikuwa zinanijibia kichwani. Tangu siku hiyo msumari wangu hupigwa kwenye nundu, na nyinyi pia mpige kwenye nundu. Msisahau kwamba sehemu hizi mvua inakuja na mawe. Bati lisiloshikwa vizuri likipigwa na mvua ya mawe linapiga kelele hadi mume na mke wanaongea kwa ishara.

Basi, kuhusu nyumba za makasha. Siku hizo mzungu mwenye haraka hakungoja kuchonga mawe. Aliagiza nyumba kutoka Ulaya, ikaja kwa meli imekatwa vipande vipande, milango, madirisha, kuta za mbao, kila kipande kina namba yake na kimefungwa ndani ya kasha. Gari la moshi liliishusha stesheni ya Lumbwa, halafu magari ya ng'ombe yakaivuta kwenye matope mpaka huku juu. Ukifika kwenye kiwanja unafungua makasha, unafuata namba, na nyumba inasimama. Kwa maneno ilikuwa rahisi hivyo.

Mmoja wa waliovuta nyumba hizo alikuwa Mkipsigis wa Kimulot, arap Tonui, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha mafahali hata akiwa anaomba chumvi. Maisha yake yote alikuwa akibeba nyumba za watu wengine, kisha anarudi kulala kwenye nyumba ya nyasi. Sasa kulikuwa na mzungu aliyekuja kulima kitani. Kitani kikamshinda, akaamua kurudi kwao kabla hajafungua hata kasha moja. Makasha yakabaki, na arap Tonui akabadilishana naye: wewe chukua mafahali wangu wazuri uwauze, mimi niachie nyumba.

Mkewe alikuwa Kobot Chebet, yaani mama Chebet kwa lugha yao. Alipoona makasha yanaingia nyumbani na mafahali wanatoka, hakupiga kelele. Alisema tu, "Tutaona kama hii sanduku itavuta kari." Hapo mtu mwenye akili angeanza kuogopa, lakini arap Tonui hakuwa na nafasi ya kuogopa, alikuwa anatafuta nyundo.

Akafungua kasha la kwanza, akakuta beseni kubwa jeupe la kuogea la mzungu, lenye miguu ya simba. Kobot Chebet akaliangalia pande zote, akaita ndama, na kuanzia siku hiyo ndama wakawa wanakunywa maji kama magavana. Kasha la pili lilikuwa na milango tupu. Hapo ndipo arap Tonui alipokubali kwamba anahitaji fundi.

Alikuwa mtu wa mahesabu, kwa hiyo alituita mafundi wote siku moja ili mbuzi wa kutukaribisha awe mmoja. Nilipofika nikamkuta Fundi Gurbax ameshaketi kwenye kasha, kilemba chake kinang'aa.

"Veve Odero! Veve pia?"

"Mimi pia, fundi."

"Mzuri," akasema. "Mimi nafundisha veve, sasa veve kuja kula kazi yangu. Keti."

Nikaketi karibu naye, uso unaniwaka. Upande wa pili alikuwepo Njoroge, aliyekuja kutoka Kiambu kupasua mbao kwenye msitu wa Mau na baadaye akajiita mjenzi. Njoroge alikuwa na maneno matamu hata mbuzi alikuwa karibu kukubali kuchinjwa. Alikuwa amemjengea kila mzungu aliyetajwa, na wengine ambao hawakutajwa.

Arap Tonui akatuzungusha kwenye kiwanja. Fundi Gurbax alichukua udongo, akausugua kwenye vidole, akasema nguzo zinataka lami na kofia za bati ili mchwa wasipande. Njoroge akasema mchwa wa Kimulot wanamjua na wanamheshimu. Mimi nikatoa pimamaji yangu, chupa ya dawa ya kikohozi niliyoijaza maji nikaacha povu moja, nikaiweka chini kuona mteremko. Arap Tonui akaicheka ile chupa mpaka akakohoa.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na mbuzi ananukia, mpaka Kobot Chebet alipotoka kwenye nyumba yake ya nyasi na kusimama mlangoni. Hamjui desturi ya hapa? Mume ananunua, anajenga na kujigamba, lakini nyumba ni ya mke. Yeye ndiye mwenye moto wake na mlango wake. Asipoingia hakuna anayeingia, na nyumba inakuwa ghala la mahindi lenye madirisha ya vioo.

"Mimi niko na neno moja tu," akasema. "Hii nyumba ya pati, pendera itakaa wapi?"

 Mlisikia alivyosema? Wakipsigis wengine wakizungumza Kiswahili, be na pe ni mtu na ndugu yake, de na te vilevile, na ge na ke pia. Mimi wananiita Otero mpaka leo. Sicheki mtu, ulimi wangu wenyewe hauna sha, nikisema shamba watu wanasikia samba, wanadhani nataja simba. Kwa hiyo pendera sote tulielewa ni bendera. Tatizo halikuwa hapo.

Fundi Gurbax akasimama. "Mama, hapana bendera. Bendera ya serikali tu. Veve kuweka bendera, polisi kuja, kufunga mzee, kufunga mimi."

"Kama hakuna pendera, mimi siingii," akasema Kobot Chebet. "Nimemaliza."

Njoroge aliona mlango umefunguka, akaruka ndani. "Ngai! Mama, hiyo ni kitu ndogo. Mimi nitakuwekea bendera kubwa kushinda ya Dii Sii wa wilaya. Nyekundu. Mtu akiwa Sotik anaiona. Na mlingoti ya cedar, na kamba ya kupandisha asubuhi."

Arap Tonui alikuwa ameanza kutoka jasho. "Achaneni na yeye," akasema haraka. "Fundi, ongea mambo ya dirisha. Nyumba ya wazungu haina hiyo kitu. Hakuna. Dirisha ni ngapi?"

Sasa, vijana, hapa ndipo nawaomba mnisikilize, maana huu ndio moyo wa habari ya kuchagua fundi. Mimi sikuwa fundi bora pale. Fundi Gurbax alikuwa ameshasahau mambo ambayo mimi nilikuwa sijajifunza. Lakini nilimwona arap Tonui, mtu aliyepita na mafahali kwenye mto uliojaa, anaogopa neno bendera, na nikataka kujua kwa nini. Udadisi tu. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa ajili yake.

Nikauliza, "Mama, hiyo bendera ni ya rangi gani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maziwa ni ya rangi gani. "Rangi? Haina rangi."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa ya nini? Ni mti! Ni pendera ya mzee." Akainua mkono, akaonyesha juu ya nyumba yake mwenyewe ya nyasi.

Sote tukatazama. Pale kwenye ncha ya paa kilikuwa kijiti kimesimama, kimechongwa vizuri, cheusi kwa moshi. Nikakitambua mara moja, kwa sababu nilikiona kijiti kile kile juu ya nyumba ya baba yangu kila siku ya utoto wangu. Sisi Wajaluo tunakiita osuri. Wakipsigis wana jina lao, ambalo nimelijaribu miaka hii yote na wananiambia bora niache. Lakini maana ni moja: mwenye nyumba yuko hai. Siku akifa, wanakitoa, na mtu akipita kwenye kilima cha mbali anaona paa lisilo na kitu na anajua hapo pana mjane. Mama huyu hakuwa na neno la Kiswahili la kitu hicho. Alikuwa ameona boma la serikali, akaona mti umesimama juu, akauliza unaitwaje, wakamwambia bendera.

"Ni osuri," nikasema. "Fundi, anasema mumewe asikae kwenye nyumba ya maiti."

"Eeee!" akasema Kobot Chebet, akapiga makofi. "Huyu anasikia."

Njoroge alikuwa ameshafika kwenye rangi ya kamba. Akafunga mdomo pole pole, jambo ambalo sikuwahi kuliona tena.

Mngefikiri arap Tonui angefurahi. Alikasirika! Akalipiga teke kasha lililokuwa karibu. "Hiyo ndiyo sitaki!" akanguruma. "Nimetoa mafahali wangu kwa sababu hiyo! Nataka nyumba haina hiyo mti!"

Ikabidi aeleze, na alieleza huku anazungukazunguka. Wakati wa vita ya kwanza alichukuliwa pamoja na magari yake ya ng'ombe kwenda kubebea jeshi mizigo huko kusini. Akaugua, akaachwa njiani, na mtu mmoja akaleta habari nyumbani kwamba arap Tonui amekufa. Wazee wakalia, wakapanda, wakaking'oa kijiti. Miezi mingi baadaye yeye akapata nafuu, akatembea kwa miguu mpaka Kimulot.

"Nikafika kwa kilima ile," akasema akinyoosha mkono. "Nikaangalia nyumba yangu. Hakuna mti. Nikakaa chini kwa barabara. Nikauliza, ni nani amekufa hapa kwangu? Nikahesabu watu wa nyumba. Baba na mama walikufa zamani. Ndugu yangu hakai hapa. Nikaona, aa, ni mimi!"

Tulicheka. Mnisamehe, tulicheka mpaka Fundi Gurbax akashika kilemba. Hata arap Tonui mwenyewe alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Nilikaa pale mpaka jua likaenda. Niliogopa kushuka. Mtu akishawekwa kwa wafu, atarudi kwa mlango gani? Sasa hii nyumba ya pati haina mahali ya mti. Kama hakuna mti, nani atang'oa? Hawawezi kuniua tena kwa maneno ya mtu."

Mnaona mahesabu yake? Alikuwa amenunua nyumba ambayo hakuna mtu angeweza kumtangaza maiti ndani yake. Na huyu mama, je? Akajibu bila kupaza sauti, na maneno yake nayakumbuka yote.

"Ni mimi nilirudisha hiyo mti. Wewe ulikuwa umelala, ngozi na mifupa, wazee wanasema ngojeni kwanza, labda atakufa kweli. Nikapanda mwenyewe na mtoto mgongoni, nikaisimamisha na mikono yangu. Sasa unataka niingie kwa nyumba kama mjane, na wewe umekaa hapo unakula? Siingii, pwana."

Basi hakuna aliyecheka. Mbuzi akaletwa, tukala tukiangalia chini. Mtu amemaliza mafahali wake kwa ajili ya nyumba. Akikiweka kijiti, anaishi kila siku na hofu ya kung'olewa. Asipokiweka, mke wake anabaki kwenye nyasi zinazovuja, na mvua kubwa zimekaribia. Nilimwonea huruma kila mmoja wao, na nilishindwa kuamua nani ana haki. Mpaka leo sijaamua.

Nikiwa natafuna mfupa nikaangalia bolti zilizokuwa kwenye kasha la kenchi za paa, na wazo likaja.

"Mzee," nikasema, "wale waliong'oa mti wako walitumia nini?"

"Mikono. Unavuta tu, inatoka."

"Mimi nitakuwekea wenye chuma mguuni. Chuma kinapita kwenye mgongo wa paa mpaka ndani ya dari, na ndani nakifunga kwa nati. Mtu akivuta kutoka nje atavuta mpaka achoke. Hautoki bila spana, na spana ni yangu."

Akaacha kutafuna. "Na wakikuita na habari ya uongo?"

"Siigusi nati mpaka nikuone kwa macho yangu."

"Utaniangalia vizuri?"

"Nitakuangalia, mzee. Nitakuita na jina."

Akamtazama mkewe, na mkewe akamtazama. Mzee akasema neno moja la Kikipsigis, la kukubali, na mimi nikawa nimepata kazi.

Lakini kulikuwa na jambo la tundu, maana kutoboa mgongo wa paa kule Kimulot ni kuialika mvua chakula cha jioni. Nikamgeukia mwalimu wangu. Fundi Gurbax akasema, "Kama bomba ya moshi. Bamba ya risasi, kunja, gonga pole pole, kama nguo kwa shingo. Maji hapana pita."

"Risasi!" Kobot Chebet akaruka. "Mnataka kumpiga risasi kabla nyumba haijaisha?"

Ilichukua muda kumwelewesha kwamba ni madini yale yale lakini yakiwa yametulia.

Fundi Gurbax alinipa kipande cha bamba kutoka kwenye sanduku lake mwenyewe, na hakutaka shukrani. "Veve kuharibu," akasema, "watu kusema ni Gurbax nafundisha." Njoroge naye nikamwomba abaki kunisaidia mbao, na alikuwa mpasuaji mzuri ajabu, ukimwekea kazi mikononi na msumari mdomoni asiweze kuongea.

Kujenga kwenyewe siwezi kuwaambia yote. Makasha yalikuwa yamenyeshewa, na namba nyingine zilikuwa zimefutika, kwa hiyo sita na tisa zilituchezea kama watoto. Ukuta wa jikoni tuliusimamisha, tukaukaza, tukarudi nyuma kuutazama, na dirisha lilikuwa chini kwenye usawa wa magoti. Njoroge akasema ni la kuku. Tukaufungua tena. Fundisho la hapo ni hili: usikaze bolti hata moja mpaka nyumba nzima isimame imelegea, kisha zunguka ukikaza kidogo kidogo, kona kwa kona. Na mbao zilizotoka kwenye makasha zipe siku za kukaa nje kivulini zizoee hewa ya Mau, ama zitajikunja zikiwa zimeshapigiliwa, na mlango wako utafungwa wakati wa jua tu.

Siku ya mwisho nilipanda juu na kijiti. Alikichonga arap Tonui mwenyewe, akakisugua kwa mchanga, ingawa alikuwa akinung'unika wakati wote. Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Nikakiingiza kwenye tundu, nikagonga risasi shingoni kama nilivyofundishwa, nikashuka nikaingia darini, nikakaza nati mpaka mbao zikalia. Kisha nikamwambia arap Tonui apande ajaribu.

Mzee akapanda, akashika kijiti kwa mikono miwili, akavuta kama anayevuta gari kutoka kwenye matope. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Kijiti hakikutikisika. Akageuka, akasimama pale juu ya bati lake jipya, akapiga kelele kwa wote waliokuwa chini, "Nani ataniua sasa?"

Kobot Chebet alikuwa amebeba moto kutoka nyumba ya zamani. Akatazama juu ya paa, akaona mumewe na kijiti vimesimama pamoja, akavuka kizingiti. Nawaambia nilisikia raha ambayo sijaipata tena kwa nyumba yoyote, na nimejenga nyingi, nyingine za watu wakubwa.

Kisha wakaishi. Nikipita Kimulot nilikunywa maziwa kwao, na kila mara mzee aliniuliza, "Otero, spana iko?" Nami namwambia iko, mzee. "Iache ipate kutu," anasema. Na ndama waliendelea kunywa kwenye beseni.

Vita ya pili ilikuwa haijaanza Kiprono, mwanawe mkubwa, alipokuja kwenye karakana yangu Kericho. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama anasema uje na spana."

Nilipofika nilikuta ubishi uwanjani. Wajomba walisema kijiti kimechelewa kutoka. Mmoja wao alikuwa amepanda akakivuta mpaka bati zikapiga kelele, akashuka na kiganja kimechubuka. Kobot Chebet alikuwa amechukua ngazi, akailaza chini, na akaikalia. Alikuwa ameikalia tangu asubuhi.

"Otero," akasema. "Ingia kwanza."

Nikaingia. Arap Tonui alikuwa amelala na koti lake la safari, mjeledi kando yake. Nikamwangalia vizuri, kama tulivyokubaliana. Nikamwita kwa jina, nikangoja, nikamwita tena. Kisha nikatoka, na machozi yananitoka mbele ya wajomba wote.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Akainuka kwenye ngazi. "Haya. Panda."

Kiprono akapanda nje kushika kijiti, mimi nikaingia darini na spana, na kopo la mafuta ya taa, kwa sababu nati ya miaka hiyo yote nilijua imeshikana na kutu. Nikapapasa mpaka nikaipata. Ilikuwa inateleza. Nikaweka spana kando, nikaigeuza kwa vidole tu, ikazunguka laini, inanuka samli.

"Mama!" nikaita kutoka juu. "Nani amepaka hii nati mafuta?"

Sauti yake ikaja kutoka chini ya dari. "Ni yeye. Kila mwaka kabla ya mvua alikuwa anapanda huko na samli. Alisema siku moja Otero atakuja akiwa mzee, na Mjaluo akikasirikia nati, atang'oa nyumba yote."

Nikacheka, nimekaa kwenye boriti, na kicheko kikanigeukia kikawa kilio. Juu yangu Kiprono akainua kijiti, na mwanga mdogo ukaingia kwenye tundu.

"Otero! Umelala?" mama akaita kutoka chini.

Nikaliziba tundu kwa risasi, nikashuka. Kiprono alitaka kukipeleka kijiti kwa wajomba, nikamzuia. Nikakichukua, nikampa Kobot Chebet mkononi, kwa sababu ndiye aliyewahi kukirudisha kile cha kwanza.